Mkopo wa nyumba umekushinda? Vile utaongea na benki uuze mwenyewe kabla ya mnada, na salio liishe

Hii naandikia mtu ako na nyumba Kiamunyi, Lanet, Ngata, ama kule Kisumu pande za Mamboleo na Riat, nyumba alinunua na mkopo wa benki, sasa mkopo umemlemea na akipiga hesabu anaona ata akiuza leo pesa haitatosha kumaliza deni. Wako wengi. Wengine walifutwa kazi, wengine biashara ililala, na wengine hawakukosea chochote ila riba ilipanda, juu kiwango cha Benki Kuu kilifika asilimia 13 Februari 2024 na instolmenti ya morgeji ikapanda nacho wakati mshahara uko palepale.

Mimi nafanya kazi kwa ofisi ya mawakili hapa Nakuru na haya mafaili ya nyumba za mkopo yanapitia mkononi mwangu. Kitu kinaniuma ni kuona mtu amekaa kimya mpaka dalali anabandika tangazo kwa geti, alafu nyumba inaenda kwa bei ya kutupa na bado benki inarudi kumdai salio. Kuna njia ya katikati. Unatafuta mnunuzi wewe mwenyewe, benki inakubali bei ambayo ni chini ya deni, inaachilia hati, na mnaandikiana nini kitafanyika na kile kimebaki. Ukifika benki utasikia wakiita praiveti triti.

Kabla tuanze, ukiangalia video za Wamarekani kuhusu hii maneno kuwa makini. Kule kuna majimbo kama California ambako sheria inasema benki ikishakubali nyumba ya kuishi iuzwe chini ya deni, haiwezi kukufuata tena kwa ile tofauti. Kenya hatuna hiyo sheria. Hapa benki inaweza kupokea pesa ya mnunuzi, ikutolee hati, alafu ikushtaki kwa salio kama deni la kawaida, na iko ndani ya haki yake. Kinga yako ni karatasi moja tu, barua ya benki inayosema salio limeisha. Hatua zote huku chini zinakupeleka kwa hiyo barua.

Hatua ya kwanza: jua umebakisha muda gani

Watu wanaogopa barua ya benki mpaka hawaifungui. Fungua, na uandike kwa bahasha tarehe uliyoipata, juu muda wako unahesabiwa kutoka siku umepewa notisi.

Sheria ya Ardhi ya 2012 imepangia benki ngazi za kupanda. Ukikosa kulipa na hali hiyo iendelee kwa mwezi mmoja, benki inaweza kukupea notisi ya kifungu cha 90, ambayo lazima ikuambie umekosea wapi, unadaiwa ngapi, na ikupatie si chini ya miezi mitatu kulipa. Miezi ikiisha hujalipa, inakuja notisi ya pili ya kifungu cha 96, hiyo ya kuuza, ya siku 40. Na nakala lazima iende kwa bwana ama bibi yako na kwa wadhamini. Alafu dalali naye, kulingana na kanuni zake za 1997, anakupatia siku 45 za kukomboa nyumba, na zikiisha mnada hauwezi kufanyika kabla siku 14 kupita kutoka tangazo la kwanza la gazeti.

Jumlisha hizo zote unapata kama miezi saba kutoka siku ulianza kukosa. Hiyo si miezi ya kulala. Mnunuzi peke yake anaweza kukula miezi miwili, na kamati ya benki nayo mwezi mwingine. Kama uko kwa ile notisi ya kwanza ya miezi mitatu, uko pahali pazuri kabisa pa kuongea, anza leo. Kama uko kwa siku 40 bado inawezekana lakini kimbia. Na kama dalali ameshaleta barua yake, enda na mnunuzi mkononi, usiende na hadithi, na ujue gharama za dalali zimeshaanza kuwekwa juu ya deni lako.

Bado una haki ya kulipa na kuikomboa mpaka ile dakika benki inakubaliana na mnunuzi, na kwa mnada hiyo ni nyundo ikigonga. Baada ya hapo umechelewa.

Jambo dogo lakini linaumiza wengi: anwani. Notisi zinatumwa kwa sanduku la posta uliloandika kwa fomu ya mkopo, na unapata lilikuwa la shule uliyofundisha zamani ama la marehemu mzee. Andikia benki barua ya kubadilisha anwani, namba ya simu na imeli, wakupigie muhuri kwa nakala yako.

Hatua ya pili: itisha hesabu yote ya deni

Usiulize kwa simu nadaiwa ngapi. Andika barua uitishe statimenti kamili tangu mkopo uanze, na nyingine ya kuonyesha ni pesa ngapi ingemaliza mkopo leo, ikitenganisha prinsipo (pesa yenyewe uliyokopa), riba, penalti, bima na gharama za mawakili. Kaa nayo na kalamu.

Angalia kwanza kama riba imepita mpaka. Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A, inasema mkopo ukishaingia kwa mikopo mibaya, benki haiwezi kukudai zaidi ya prinsipo iliyokuwa imebaki siku hiyo, pamoja na riba isiyozidi hiyo prinsipo, na gharama za kufuatilia deni. Mawakili wanaiita in duplum. Kwa mfano mkopo uliharibika prinsipo ikiwa 2,100,000, basi prinsipo na riba pamoja haziwezi kupita 4,200,000, na juu ya hapo ni gharama tu. Kama benki inaitisha 5,900,000, kuna swali kubwa la kuuliza, na unaliuliza kabla ya kuanza kuongea bei, sio baadaye. Mkopo uliozembea miaka mingi ndio huwa na hii shida.

Alafu angalia bima. Mikopo mingi ya nyumba imebeba bima ambayo umekuwa ukilipa bila kujua. Mwenye mkopo akifariki, bima inafaa kulipa, na nimeona familia zikitafuta mnunuzi wa nyumba ya marehemu bila mtu kuuliza hiyo bima. Zingine ziko na kipengele cha ulemavu ama kupoteza kazi. Itisha nakala ya mkataba wa bima wenyewe usome, usiambiwe tu kwa kaunta.

Hatua ya tatu: bei ya kweli ya nyumba

Unahitaji ripoti ya valua aliyesajiliwa, yule mtaalamu wa kukadiria bei ya nyumba, na chukua yule ako kwa orodha ya benki yako, juu ukileta wako wa nje wataitupa na kukuitisha ingine. Ripoti itakuwa na bei ya soko na bei ya kuuza kwa lazima, na hiyo ya pili mara nyingi iko karibu robotatu ya ile ya kwanza. Hii ya pili ndio silaha yako, nitaeleza kwa mazungumzo.

Tembeza valua mwenyewe. Kama ukuta wa nyuma umepasuka juu ya ule udongo wetu wa Nakuru, onyesha. Kama barabara inajaa maji mvua ikinyesha ama jirani ameweka baa, sema. Siku ya kununua ulitaka nyumba ionekane ya bei, saa hii unataka ukweli uandikwe, sababu ripoti ya juu sana itafanya benki ishikilie bei ambayo hakuna mnunuzi ataleta.

Pitia pia kwa ofisi za kaunti ujue reti zimefika wapi, na kama ploti ni ya lizi ujue deni la kodi ya ardhi. Hizi lazima zilipwe ndio uhamisho upite. Na ujue hati yako ni ya aina gani, kuna ploti za Kiamunyi na Njoro zilitoka kwa mashamba na bado kwa rejista zinasoma ni za kilimo, hizo zinahitaji idhini ya bodi ya ardhi kabla ya kuuzwa, na bodi haikutani kila siku.

Hatua ya nne: mnunuzi

Benki inaongea tofauti kabisa na mtu ako na mnunuzi. Ukienda bila mnunuzi, omba kwa maandishi upewe siku 60 ama 90 za kutafuta, wengi wanakubali ukiwa mapema. Ukienda naye, beba barua yake ya ofa iliyowekwa sahihi, nakala ya kitambulisho na pin ya KRA, na kitu cha kuonyesha pesa iko. Kwa mwenye kashi hiyo ni statimenti ya akaunti, kwa anayekopa ni barua ya benki yake. Mwenye kashi ata akitoa kidogo chini mara nyingi ndiye bora, sababu hamna benki ya pili ya kungojea.

Mwambie ukweli kwamba nyumba iko na mkopo. Ataona tu akifanya sachi ya hati pale ofisi ya Ardhi, na akiona mwenyewe atadhani ulitaka kumkora. Mweleze kwamba kwake hii ni salama kuliko mnada: anaingia ndani ya nyumba kuikagua, hamfukuzi mtu, na hakuna mtu wa kuja kumpeleka kotini.

Usiuze kwa shemeji ama kwa bibi ya ndugu yako kwa bei ya chini ukifikiria utaendelea kukaa ndani. Benki huuliza kama mnunuzi ni jamaa, na ukidanganya kwa maandishi makubaliano yote yanaweza kuvunjwa na wewe uko na kesi.

Na pesa ya mnunuzi, ata shilingi, isiingie kwa akaunti yako. Dipoziti ile ya asilimia 10 inakaa kwa wakili mpaka benki ikubali. Kuna watu wamechukua dipoziti wakalipa karo, alafu benki ikakataa bei, sasa mtu anadaiwa na benki na anadaiwa na mnunuzi pia.

Kuna pia wale wanakupigia simu ukishatoka kwa gazeti, atakuambia anajua mtu ndani ya benki ama atasimamisha mnada ukimtumia elfu ishirini. Usitume. Kama unataka wakili, ingia kwa ofisi yake, na jina lake unaweza kulitafuta kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili, uone kama ana leseni ya mwaka huu.

Hatua ya tano: barua yako kwa benki

Barua iwe fupi, ukurasa mmoja, alafu viambatisho ndio viwe vingi. Peleka kwa tawi upigiwe muhuri, na utume imeli kwa kitengo cha rikavari, wale wa kufuatilia madeni mabaya. Itaandikwa kwa Kiingereza lakini maneno yake yawe hivi:

"Mimi ni mwenye mkopo nambari fulani, uliowekewa nyumba iliyo kwa ploti nambari fulani. Nilianza kushindwa kulipa mwezi fulani baada ya mkataba wangu wa kazi kuisha. Mapato yangu ya sasa ni kiasi hiki na instolmenti ni kiasi hiki. Nimepata mnunuzi wa 6,300,000, ofa yake na uthibitisho wa pesa nimeambatisha pamoja na ripoti ya valua. Naomba benki ikubali niuze kwa bei hiyo, isimamishe hatua za mnada kwa siku 90 ili mauzo yakamilike, ipokee pesa hiyo kama malipo kamili na ya mwisho ya mkopo, na iwaachilie wadhamini wangu."

Viambatisho ni vile vya kuonyesha kweli huna, sio kulia. Barua ya kufutwa kazi, pesilipu za sasa, statimenti za miezi sita, ripoti ya hospitali kama ni ugonjwa, karo za watoto. Kama una ploti ingine Rongai ama gari, sema. Wanaangalia, na wakikupata umeficha hakuna msamaha wa salio hapo.

Bwana na bibi muweke sahihi wote wawili. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzako, na wakili wa mnunuzi ataitisha hiyo idhini hata kama benki imesahau.

Hatua ya sita: mazungumzo yenyewe

Kwanza elewa unaongea na nani. Meneja wa tawi la Nakuru ama Kisumu anaweza kukuhurumia sana lakini kusamehe salio si kazi yake. Faili inaenda rikavari, mara nyingi Nairobi, alafu kamati. Kazi yako ni kumpatia yule afisa wa rikavari hesabu rahisi ambayo ataweza kuisimamia mbele ya wakubwa wake. Kwa hivyo usimpigie kelele, na usimwambie shida zako kila simu. Mpatie namba.

Tuchukue huu mfano. Deni 7,400,000. Bei ya soko kulingana na valua 6,800,000, bei ya lazima 5,100,000. Mnunuzi wako ana 6,300,000. Ukiangalia upande wako unaona umepungukiwa na 1,100,000. Sasa kaa upande wa benki. Kwa mnada wanategemea kama 5,100,000, hapo toa malipo ya dalali, tangazo la gazeti, wakili, na valua mpya juu kanuni zinataka bei ya akiba, ile ya chini kabisa ya mnada, itokane na ripoti isiyozidi miezi 12. Anayeshinda mnada kwa kawaida analipa robo siku hiyo na anangojewa siku 90 alete ingine, na saa zingine haleti, mnada unarudiwa. Mnunuzi wako anawaletea 1,200,000 zaidi ya bei ya mnada bila hizo gharama zote. Hiyo ndio sentensi ya kurudia kila mara.

Tuseme wewe ni mwalimu. Simu yenyewe huenda hivi, afisa wa benki ndiye anaanza:

"Mwalimu, hiyo pesa ni kidogo, deni ni milioni saba na laki nne."

"Naelewa. Ripoti ya valua wenu inasema mkienda mnada mtatarajia tano na laki moja. Mimi nawaletea sita na laki tatu kwa siku 90. Mkinikatalia, mnatarajia kupata ngapi?"

"Leta basi hiyo tofauti ulipe polepole."

"Naomba uniandikie hiyo ofa kwa imeli niisome na wakili wangu."

Hapo umefanya mambo mawili. Hujakataa na hujakubali. Na umemtoa kwa simu ukamleta kwa maandishi. Kila simu ikiisha tuma imeli siku hiyohiyo, "kulingana na mazungumzo yetu ya leo ulisema hivi na mimi nikasema hivi". Afisa anaweza kuhamishwa Eldoret kesho na anayekuja atakuambia hajui kitu.

Kuhusu salio kuna mahali patatu mnaweza kukutana. Pa kwanza, salio lote linasamehewa, hapo ndipo uanzie. Pa pili, unalipa sehemu na ingine inasamehewa, tuseme kwa hiyo 1,100,000 unalipa 400,000 kwa miezi 36 bila riba. Pa tatu, salio lote linageuzwa mkopo wa kawaida, hii ndio benki itakuambia kwanza. Usiikubali haraka ati juu unataka tu mambo yaishe. Mtu ambaye ameshindwa na instolmenti ya nyumba, akiachwa bila nyumba na anatafuta kodi ya kulipa, atalipaje milioni moja na riba juu yake? Waambie hivyo na mapato yako yakiwa mezani. Kama lazima ulipe kitu, kubali tu kiasi ambacho unajua utalipa ata mwezi mbaya, na gandisha riba.

Kitu kingine watu husahau kuongea ni gharama za kuuza zitatoka wapi. Benki ikisema inataka 6,300,000 yote, nani atalipa reti za kaunti, wakili wako, wakili wa benki wa kuandaa dischaji, ile karatasi ya kuondoa rehani kwa hati? Huna hiyo pesa, ndio maana uko hapa. Omba kwa maandishi hizo zitolewe kwa bei kwanza, na benki ipokee kinachobaki, na hiyo iliyobaki ndio iitwe malipo ya mwisho. Nimeona mauzo mazuri yakikwama kwa sababu ya reti za laki moja tu. Omba pia siku 30 za kuhama baada ya mnunuzi kumaliza kulipa, wengi hawakatai.

Wakikuambia ulipe kitu kidogo kwanza kuonyesha nia, lipa kama unacho na uandike ni ya nini. Lakini usikope kwa programu za simu ndio ulipe benki. Hapo unaongeza wadai bila kupunguza deni.

Na kotini je? Kama benki imeruka ngazi, mfano hukupewa notisi ya siku 40 ama mwenzako hakupewa nakala, mwone wakili haraka, koti inaweza kusimamisha mnada. Lakini kulalamika tu kwamba hesabu ya deni si sawa, kwa kawaida haisimamishi mnada, majaji wamesema hivyo mara nyingi. Na kesi ya kununua muda inakupatia miezi kidogo huku riba inaendelea kupanda na mnunuzi wako anaenda kununua kwingine.

Hatua ya saba: soma barua ya benki mstari kwa mstari

Barua ikija utafurahi, na hiyo furaha ndio hatari. Isome na wakili kabla uweke sahihi.

Kwa Kiingereza chake tafuta maneno full and final settlement. Kama hayapo, salio halijasamehewa, ata kama meneja alikushika mkono. Kinyume chake ni ule mstari unaosema benki inahifadhi haki yake ya kudai upungufu. Ukiuona, hiyo barua inakuruhusu kuuza tu, haikufungui. Rudisha irekebishwe. Angalia pia kama kwa juu imeandikwa without prejudice, maana yake ni kwamba haya ni mazungumzo tu na huwezi kuitegemea mbele ya koti mpaka mkubaliane. Itisha ile ya mwisho bila hayo maneno.

Hakikisha iko na bei, tarehe ya mwisho ya kulipa, ni gharama gani zinatolewa kwanza, kwamba mnada umesimamishwa mpaka hiyo tarehe, kwamba riba imesimama, na majina ya wadhamini wanaoachiliwa. Mdhamini asipotajwa benki inaweza kumgeukia yeye, na huyo ni ndugu yako ama mwenzako wa kazi. Kama una mkopo mwingine hapo kwa benki, kadi ama wa biashara, hakikisha nyumba haijashikiliwa na huo pia, sababu hati za mkopo nyingi zinasema rehani moja inalinda madeni yote.

Tarehe ya mwisho usiichezee. Mkataba wa kawaida wa kuuza ni siku 90, na Ardhi inaweza kuchelewa, kwa hivyo itisha 120 ama kipengele cha kuongeza muda.

Hatua ya nane: kuuza na kuhamisha

Hapa mawakili ndio wanafanya kazi kubwa nitapita haraka. Wakili wa mnunuzi, ama benki yake, anaandikia benki yako ahadi rasmi ya kitaalamu kwamba wakiachilia hati na dischaji, pesa itatumwa. Bila hiyo ahadi benki haitoi hati, na bila hati mnunuzi hatoi pesa. Pesa inaenda moja kwa moja kwa benki yako, haipiti kwako. Stampu diuti inalipwa na mnunuzi, asilimia 4 mjini na 2 mashambani.

Ushuru wa faida ya mtaji ni wako muuzaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Lakini kama umeuza chini ya bei ulinunua na kujenga, faida haipo, na kama ni nyumba umeishi ndani mfululizo miaka mitatu kabla ya kuuza, imesamehewa. Bado lazima ijazwe kwa iTax, kwa hivyo tafuta zile risiti za fundi na mabati mapema.

Hatua ya tisa: baada ya pesa kuingia

Itisha barua ya benki ya kusema mkopo umefungwa na salio ni sufuri. Usingojee waitume, enda uichukue, na mpe kila mdhamini nakala yake. Fanya sachi pale Ardhi uone dischaji imesajiliwa kweli na jina la mnunuzi limeingia.

Kuhusu CRB, zile kampuni za kuweka rekodi za wakopaji, jina lako halitafutwa siku hiyo. Rekodi ya kushindwa kulipa inabaki miaka mitano tangu deni limalizwe, lakini hali yake inafaa kubadilika kutoka deni linaloendelea hadi lililomalizwa, na hiyo tofauti mkopeshaji anaiona. Una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka, kwa hivyo itisha baada ya mwezi mmoja au miwili, na kama bado inaonyesha unadaiwa ile 1,100,000, andikia benki na CRB ukiambatisha barua ya salio sufuri.

Faili yote, notisi, imeli, barua ya makubaliano, risiti na barua ya kufunga, usitupe ukihama. Deni lililowekewa rehani ya ardhi linaweza kudaiwa kotini mpaka miaka 12, mafaili ya benki nayo huuzwa na kupewa kampuni za kukusanya madeni, na mtu wa hiyo kampuni akipiga simu 2031 hatakuwa na nakala ya barua yako. Piga picha kila karatasi, jitumie kwa imeli, na mwenzako awe na seti yake.